Sukari ya Keshokutwa

Jumanne ilikuwa zamu ya kidole cha pete, mkono wa kushoto. Vidole vya Mama Upawa vilipokezana zamu kama walinzi, kila kimoja na siku yake, ili kisiwepo kinachoonewa. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, akanyoosha mkono mezani na kugeuza uso pembeni, ingawa hakuwa na cha kukwepa kukiona. Jicho la kushoto lilikuwa limezima mwaka uliopita. La kulia lilibaki na ukungu, na ndani ya ukungu huo alitambua dirisha, mlango, na kivuli cha mume wake kilipopita kwenye mwanga.

Mume wake alisitasita. Akasema leo wangeweza kuacha, maana wanakwenda kliniki na huko damu watatoa hadi wachoke.

"Choma," alisema Mama Upawa. "Siku ya mtihani ndiyo niende na daftari lenye pengo?"

Akamchoma. Mama Upawa alikaza midomo, akasubiri. Zamani mashine ililia mlio mdogo wa kifaranga ilipomaliza kuhesabu, lakini mzee wake alikuwa ameuzima mlio huo, akisema unakula betri. Sasa kilichosikika ni kalamu tu.

"Sita nukta tisa."

"Jana ilikuwa sita nukta saba."

"Hofu ya safari hiyo. Ukirudi itashuka."

Mama Upawa alicheka, akanyonya kidole. Akaomba kifungua kinywa chake, vipande vitatu vya mkate na chai isiyo na sukari, akala kwa utulivu wa mtu ambaye namba zake ziko sawa. Kiu iliyomwamsha mara nne usiku aliisingizia joto. Mwili wake ulikuwa ukimwambia jambo moja na daftari jingine, na yeye aliamua kuliamini daftari.

Na kwa nini asiliamini? Mwandishi wake alikuwa msoma mita wa idara ya maji kwa miaka thelathini na moja. Alizunguka mji na tochi na daftari, akifunua vifuniko vya chuma, akipiga magoti kwenye matope, akiandika tarakimu zilizonyooka kama zimechapwa. Hata baada ya kustaafu, kila Jumamosi aliifunua mita ya getini kwake akaiangalia, kama mtu anayemjulia hali jirani. Siku binti yao alipowaletea mashine ya sukari, mzee aliipokea kwa mikono miwili. Alisema kumbe ni mita tu, ndogo. Akachora mistari kwenye daftari jipya jioni ileile.

Daktari wa macho alikuwa amesema wazi miezi mitatu kabla. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na mtoto huyo anaweza kutolewa. Nyuma yake kuna mishipa inayovuja, nayo ina dawa yake. Lakini hampasui mtu mwenye sukari ya juu vile. Ashushe sukari, apime kila asubuhi, alete daftari, apasuliwe. Mama Upawa alirudi nyumbani na tarehe kichwani kama bi harusi.

Hakutaka makubwa. Alitaka kujipakulia chakula mwenyewe.

Huyu alikuwa mpishi wa chuo cha ualimu, bwenini, miaka ishirini na sita. Wanafunzi mia nne walipita mbele yake na sahani, naye kwa upawa uleule mmoja aligawa maharage bila mtu kumwangalia mwenzake sahani kwa kijicho. Jina lilimshika hapo na halikubanduka. Sasa yeye ndiye aliyepakuliwa. Aliletewa sahani asiyoiona, na alipopeleka kijiko mdomoni hakujua kama kimebeba kitu au hewa. Mboga zilimteleza. Samaki aliacha kumla siku mwiba ulipomkwama kooni. Kisha walikwenda kula kwa binti yao, na Mama Upawa alipoketi akasikia kitu kikichakarisha chini ya miguu yake. Aliuliza ni nini. Aliinama akapapasa, akakuta wamemtandikia karatasi ya nailoni kuzunguka kiti, kama mtoto anayeanza kula. Alimaliza chakula chake, akashukuru, na tangu siku hiyo akawa mtu wa mkate.

Mzee hakumpinga. Mkate haukuhitaji kuoshwa wala kukatwakatwa. Na namba, kila asubuhi, zilisema mkate hauna neno.

*

Ukumbi wa kliniki ulikuwa na mabenchi manne na watu wa mabenchi kumi. Muuguzi aliyewapokea alikuwa na sauti ya kufika barabarani. Alimtoa Mama Upawa damu mkononi na tone jingine kidoleni, akapokea daftari, akafungua.

"Nani kaandika hivi? Mwandiko kama wa kwenye cheti."

"Mume wangu," alisema Mama Upawa, na hakupunguza sauti, maana alitaka benchi lisikie. "Kasoma mita mji mzima miaka thelathini na moja. Huyo hakosei namba."

Mume wake alikohoa. Akasema anakwenda kununua maji ya kunywa, akaondoka haraka kuliko magoti yake yalivyozoea.

Muuguzi alirudi baada ya saa nzima, na safari hii hakusifu mtu. Alisema sukari ya sasa hivi ni kumi na tisa nukta nne. Mama Upawa akamjibu kwa upole kwamba asubuhi ilikuwa sita nukta tisa na amekula mkate tu, kwa hiyo huenda mashine yao ina hitilafu. Muuguzi alipima tena kwa mashine nyingine. Kumi na tisa nukta moja. Kisha akamweleza kwamba ile damu ya mkononi haisemi habari za leo, inasema habari za miezi mitatu, na haidanganyiki kwa kufunga kula siku mbili kabla ya kliniki. Walitaka kipimo hicho kisizidi asilimia nane. Yake ilikuwa kumi na mbili.

"Mama, sisi si watoto wadogo," alisema muuguzi. "Watu mnaandika namba za kutufurahisha ili mpasuliwe, halafu kidonda kikikataa kupona, lawama kwetu."

Benchi zima liligeuka. Mama Upawa hakuliona likigeuka, lakini alisikia mbao zikilia.

"Siwezi kuandika, mwanangu. Sioni. Mume wangu ndiye anayesoma."

Muuguzi alianza kupekua daftari kwa hasira, ukurasa baada ya ukurasa, hadi wa mwisho. Akarudia kuusoma ule ukurasa kwa kidole.

"Leo ni Jumanne, siyo?"

"Ni Jumanne."

"Hapa imeandikwa Jumanne, sita nukta tisa. Sawa. Chini yake Jumatano, sita nukta nane. Chini yake Alhamisi, sita nukta sita." Akainua uso. "Hongera, mama. Keshokutwa utaamka na sukari nzuri sana."

Mtu mmoja benchini alicheka, kisha akakimeza kicheko chake. Mama Upawa alikaa vilevile, mikono juu ya mkoba. Kwa mara ya kwanza tangu macho yaanze kumtoroka alishukuru kwamba haoni nyuso za watu.

Mzee alirudi na chupa mbili za maji. Alimkuta muuguzi amesimama, daftari limefunguliwa ukurasa ule, akajua. Muuguzi aliomba mashine. Mama Upawa mwenyewe aliitoa mkobani, kwenye kile kimfuko chake cha zipu alichokibeba kila aendako, akaitoa kwa kujiamini kulikobaki. Muuguzi alibonyeza. Akabonyeza tena. Akaigeuza na kufungua kifuniko cha nyuma.

"Humu hamna betri."

"Imekufa?" aliuliza Mama Upawa.

"Haijafa. Haimo kabisa. Shika."

Akamwekea mashine kiganjani, akamwongoza kidole. Kilikuwa kidole kilekile cha pete, bado kinauma. Kiliingia kwenye kishimo cha duara, kikazunguka, kikakuta chuma kitupu. Mama Upawa alisubiri mume wake aseme neno. Angekuwa anaona uso wake asingehitaji kusubiri kiasi hicho. Alimsikia akivuta pumzi, akafungua chupa ya maji, akaifunga bila kunywa.

*

Daktari hakufoka. Aliifuta tarehe, nafasi akapewa mwingine, akaandika dawa mpya. Aliuliza mgonjwa anakula nini.

"Mkate."

"Mchana?"

"Mkate. Na chai."

"Jioni?"

Mama Upawa alipapasa zipu ya mkoba, na daktari akaweka kalamu chini. Aliuliza kwa nini mtu aliyekuwa mpishi anakula mkate kutwa mara tatu.

"Haumwagiki," alisema Mama Upawa.

Daktari aliichukua tena kalamu. Akasema mboga zipikwe zilainike, zikolee mchuzi, ziliwe kwa bakuli lenye kingo, maharage, yai, samaki aliyetolewa miiba na mtu mwenye macho, mkate kidogo tu, na kama chakula kitamwagika, kimwagike. Warudi baada ya miezi mitatu. Kuhusu ile mishipa inayovuja hakuficha. "Siwezi kukuahidi, mama, kwamba jicho litatusubiri."

Walirudi nyumbani. Mzee alimshika mkono kuvuka barabara, na kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kuvuka, aliuacha ushikwe.

*

Jikoni alikaa kwenye kiti chake kilekile.

"Nieleze," alisema.

Mzee alieleza, na alieleza kwa mpangilio, kama anaripoti kwa msimamizi. Betri ilikufa Jumapili, wiki ya pili tu. Duka la karibu lilikuwa limefungwa. Akakadiria. Kazini walifanya hivyo geti likiwa na kufuli au mbwa akiwa mkali: unachukua namba ya mwisho, unaongeza kidogo, unaandika, mwezi ujao unasahihisha. Jumatatu alitoa betri akaipeleka dukani kama sampuli, hawakuwa nayo. Akakadiria tena. Betri ikapotelea mfukoni kwenye suruali iliyofuliwa. Kabla ya sikukuu ndefu, kazini, walijaza na siku za mbele kabisa ili wasisumbuke. Mazoea.

"Wangapi walimwaga unga kwa mazoea hayo?" aliuliza Mama Upawa.

"Watatu."

"Na wewe ulikuwa unawasema hapahapa, kwenye meza hii."

Mzee alikusanya makombo ya mkate mezani kwa kiganja.

"Kazini ulikadiria maji ya watu. Mwezi ujao unasahihisha. Mimi ulitaka kunisahihisha lini?"

Mzee akasema ile siku ya kwanza alipomtajia sita nukta nane, mkewe alicheka. Alikuwa hajacheka tangu lile jicho lizime. Alisimama akaimba akiosha vikombe. Sasa angesemaje siku ya pili kwamba haikuwa kweli? Halafu akasema jambo ambalo mtu mwerevu zaidi angelificha. "Na nilichoka, mama watoto. Kuosha mboga, kukata, kupika mbalimbali, kukulisha huku unalia kwamba zinamwagika. Namba ikiwa nzuri unaomba mkate. Mkate ni rahisi."

Hilo Mama Upawa alilielewa. Kuchoka alikujua, alikuwa amesimama mbele ya majiko ya kuni miaka ishirini na sita. Kama lingekuwa hilo peke yake, huenda jioni ile wangekula pamoja. Lakini lilibaki swali lililokuwa likimtafuna tangu kliniki.

"Betri haimo. Hujapima kitu. Sasa kidole ulikuwa unanichoma kwa nini?"

Mzee alivuta kiti, akaketi.

"Usingehisi sindano ungejua."

Mama Upawa alitazama mikono yake asiyoiona. Siku sabini na kitu. Alikuwa akiitoa damu hiyo kwa fahari, kidole kwa kidole, kama mchango wake kwenye kazi yao ya pamoja. Mzee alikuwa akimtoboa, anafuta tone kwa pamba, anaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Umenichezea shere, alimwambia, umenivisha kilemba cha ukoka kila asubuhi nami nikatembea nacho mpaka kliniki. Hakupaza sauti. Alikuwa ameumia mno, na mtu aliyeumia hivyo hana nguvu za kufoka.

Binti yao alipiga simu jioni kuuliza tarehe ya kupasuliwa. Alipoelezwa, alimtetea baba yake. Alisema baba hakuwa na nia mbaya, ni uzee, na mama asiwe mkali.

"Hata mimi aliniambia betri imekufa, nikasahau kununua, mambo yalikuwa mengi."

Mama Upawa aliishika simu kwa mikono miwili. "Alikuambia lini?"

Binti alishusha sauti. Miezi miwili hivi iliyopita, akasema.

"Na kila Jumapili nilipokutajia namba zangu, ukaniambia hongera?"

"Nilidhani mmepata nyingine, mama."

"Hukuuliza."

"Ulikuwa na furaha sana. Sikutaka..."

Mama Upawa alimrudishia mzee simu bila kuikata. Walikuwa wawili, basi. Mmoja aliandika, mwingine akapiga makofi, na wote walimpenda, jambo ambalo ndilo lililomkosesha hata mtu wa kumchukia.

*

Betri ilipatikana kesho yake asubuhi kwenye duka la tatu. Mzee hakuchukua hata nusu saa, na bei yake haikufikia mkate mmoja. Aliiingiza, akauwasha na mlio, akaleta kisindano.

Mama Upawa alimnyang'anya. Alijichoma mwenyewe, akaharibu vijikaratasi viwili vya kupimia kwa kulikosa tone, cha tatu kikapata. Mashine ikalia kama kifaranga. Mzee akainama. "Kumi na saba nuk..."

"Nyamaza."

Aliinuka. Akapapasa ukuta hadi mlangoni, akashuka ngazi mbili anazozijua, akatembea mpaka getini na mashine mkononi. Akasimama hapo akiwa amevaa gauni la nyumbani, akainyoosha mashine mbele kuelekea hatua za kwanza alizozisikia. Aliyepita alikuwa seremala, akienda kazini na ubao begani.

"Mwanangu, samahani. Nisomee hii."

Seremala aliweka ubao chini. "Kumi na saba nukta mbili, mama."

Alishukuru akarudi ndani. Hakumwambia mzee kwamba leo alikuwa amesema kweli.

Toka siku hiyo alijipimia getini. Alifika na mkoba wake, akaketi kwenye kigoda, akajichoma, akamwomba yeyote apitaye. Walimsomea wauza mboga, walimu, wagomvi, mtu mmoja mlevi aliyeomba radhi kwa kunuka. Namba alizihifadhi kichwani, kichwa kilekile kilichojua wanafunzi mia nne nani hali kitunguu. Mtaa ulianza kuulizana. Mume si yumo ndani? Si ndiye aliyesoma mita za mji mzima? Mzee alisikia yote kutoka dirishani, huku akikata mboga. Sasa alizikata kila siku, ndogondogo, akazipika zikalainika, naye mkewe alikula kwenye bakuli lenye kingo, na zilizomwagika zilimwagika. Namba zilikuwa zikishuka, lakini mzee hakuzijua. Usiku alilala akihesabu za kubuni kichwani kwa mazoea, akajiona mjinga.

Wiki ya sita alikuja msoma mita wa sasa, mwanamke wa makamo mwenye tochi kiunoni. Alifunua kifuniko pale getini, akaandika, akamkuta Mama Upawa juu ya kigoda. Akamwamkia. Akauliza kama mzee yupo, maana ndiye aliyemfundisha kazi.

"Yupo. Nisomee hii kwanza."

Msoma mita aliipokea mashine, akaitupia jicho. "Kumi nukta tatu."

"Umeangalia, au umekadiria?"

Msoma mita alicheka. Alidhani ni utani wa kazini, ule ambao mzee mwenyewe alikuwa akiwatania nao. Kisha akauona uso wa Mama Upawa, kicheko kikamwisha. Akafuta kioo kwa kidole gumba, akaigeuzia mashine kwenye mwanga, akasoma tarakimu moja moja, taratibu. Moja. Sufuri. Nukta. Tatu.

"Ahsante," alisema Mama Upawa.

Aliingia ndani, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Akapapasa mpini wa upawa, akachota maharage, akayasikilizia uzito, akarudisha kidogo, akamimina bakulini. Mengine yalianguka mezani. Mzee alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, hajui kama afute au asubiri. Alikuwa amesikia sauti getini, lakini hakuisikia namba.

"Ngapi leo?" aliuliza.

Mama Upawa alichota upawa wa pili.

"Kadiria," alisema.